Adabu ya Kupingana: Wanafalsafa wa Lwów na Barua Zao

Miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kijana mmoja alibisha hodi nyumbani kwa Jan Łukasiewicz mjini Lwów. Łukasiewicz alikuwa amekwisha kujipatia jina: mwaka 1910 alichapisha kitabu juu ya Aristotle na ile kanuni isemayo kwamba jambo haliwezi kuwa kweli na papo hapo lisiwe kweli. Kijana akajitambulisha kuwa yeye ndiye Leśniewski, na kwamba amekuja kuonyesha makala aliyoiandika kumpinga mwenye nyumba. Makala yenyewe ilikuwa tayari imepangwa chapa. Mwenye nyumba alimpokea. Wakazoeana, wakawa marafiki, na baada ya vita wakawa nguzo mbili za mantiki katika Chuo Kikuu cha Warsaw.

Mgeni akisikia kisa hiki ataona ujuvi. Kwa watu wa jumuiya ile, hayo yalikuwa malezi mema. Utovu wa adabu ungekuwa kumpinga mtu kwa kificho, au kumpinga bila kumsoma, au, vibaya zaidi, kumwacha bila kumpinga kabisa kana kwamba alichosema hakina uzito. Ukimheshimu mtu, unamtafutia kosa lake, unaliandika wazi, unampelekea.

Wanahistoria wa falsafa huiita jumuiya hii Mkondo wa Lwów na Warsaw. Haikuwa kabila wala dhehebu. Ndani yake walikuwamo wacha Mungu na wasioamini, Wakatoliki na Wayahudi, wanaume na wanawake, wataalamu wa mantiki na wataalamu wa saikolojia, na hawakuwa na fundisho moja la kuapia. Kilichowaunganisha ni mwenendo. Walikuwa na mzee wao, walikuwa na miiko, walikuwa na namna ya kusemezana, na hata ndoa haikukosekana: Kazimierz Ajdukiewicz, mmoja wa wanafunzi hodari kuliko wote, alimwoa Maria, binti wa mzee.

Mzee huyo ni Kazimierz Twardowski. Alizaliwa Vienna mwaka 1866, akasoma kwa mwanafalsafa Franz Brentano, akafika Lwów mwaka 1895 akiwa hajatimiza miaka 30. Lwów, ambayo leo ni Lviv nchini Ukraine, wakati huo ilikuwa chini ya Austria. Nchi iitwayo Poland haikuwepo kwenye ramani tangu mwaka 1795. Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimegawana ardhi yake. Warsaw ilikuwa ya Warusi, na chuo kikuu chake kilifundisha kwa Kirusi hadi mwaka 1915. Lwów na Kraków ndiko ambako profesa aliweza kufundisha falsafa kwa Kipolandi bila kumwogopa afisa wa serikali. Kwa hiyo Mpolandi aliyetaka kujadiliana na Mpolandi mwenzake juu ya ukweli au nafsi, mara nyingi alikuwa na mpaka wa dola katikati. Walichokuwa nacho ni jarida la Przegląd Filozoficzny, ambalo Władysław Weryho alilianzisha Warsaw mwaka 1897, na posta. Naamini hapa ndipo mazoea ya barua yalipochukua mizizi. Watu walioishi zaidi ya karne moja wakiwa taifa lisilo na dola walizoea kuyafanya kwa kalamu mambo ambayo wengine huyafanya barazani.

Twardowski aliyapa mazoea hayo sheria. Semina yake ilikuwa na maktaba yake, na wanafunzi waliokubaliwa waliruhusiwa kukaa humo tangu asubuhi hadi jioni, kila mmoja na mahali pake. Vitabu vilisomwa katika lugha vilivyoandikwa: Hume kwa Kiingereza, Wajerumani kwa Kijerumani. Mwanafunzi alitakiwa kuandika muhtasari wa sehemu iliyosomwa, na muhtasari huo ulipitiwa neno kwa neno. Kabla hujamhukumu Hume, sema kwanza Hume kasema nini. Ukishindwa, bado hujafika kwenye zamu ya kutoa maoni. Kazi hii ilimla Twardowski mwenyewe. Aliandika kidogo kuliko alivyoweza, kwa sababu muda wake ulikwenda kwenye kusahihisha, kupokea wageni na kujibu barua. Februari 12, 1904, siku Kant alipotimiza miaka 100 tangu afariki, Jumuiya ya Falsafa ya Kipolandi ilianza kazi mjini humo, na mwaka 1911 likazaliwa jarida la Ruch Filozoficzny, ambalo pamoja na mengine lilikuwa na kazi ya kuwajulisha wanafalsafa waliotawanyika nani anafanya nini.

Mwiko mkuu ulikuwa kutoeleweka. Katika insha yake fupi juu ya mtindo ulio wazi na usio wazi katika falsafa, iliyotoka baada tu ya vita, Twardowski alisema jambo lililowaudhi wengi: mwandishi asiyeweza kueleza fikra zake kwa uwazi tuna haki ya kudhani kwamba hata kufikiri hafikiri kwa uwazi, na hakuna sababu ya kujisumbua kumfasiri. Nikiisoma kanuni hiyo napata shaka kidogo. Ni kinga nzuri dhidi ya maneno makubwa yenye tumbo tupu, lakini inamrahisishia mtu mvivu kufunga kitabu kigumu na kumlaumu aliyekiandika. Ndani ya jumuiya yenyewe, hata hivyo, ilileta faida isiyopingika. Kila mtu alijua kwamba sentensi yake itakamatwa ilivyo, na hawezi kujitetea baadaye kwa kudai alikuwa na maana nyingine.

Kuna jambo la lugha pia. Kipolandi cha heshima humsemesha mtu kwa nafsi ya tatu: Bwana Profesa anadai hivi, Bwana Profesa hakuzingatia vile. Wanafunzi wa Twardowski walizeeka, wakawa maprofesa wenye wanafunzi wao, na bado walimwandikia kwa namna hiyo hiyo. Umbali huo uliwasaidia. Unapoandika kwamba dai la Bwana Profesa halisimami, pigo linaangukia dai, na Bwana Profesa anabaki kitini pake.

Roman Ingarden ni mfano wa mtu aliyeondoka nyumbani lakini akabaki na malezi. Alianza Lwów kwa Twardowski, na mwaka 1912 akaenda Göttingen kwa mwanafalsafa Edmund Husserl, ambaye naye alikuwa amepitia mikononi mwa Brentano. Alipopata udaktari wake mwaka 1918 hakupata kazi ya chuo kikuu. Alifundisha shule za sekondari Lublin, Warsaw na Toruń, huku akiandikiana na Twardowski juu ya ajira, vitabu na falsafa, ingawa mzee hakuwa na imani kubwa na mkondo alioufuata kijana. Mwaka huo huo wa 1918 alimwandikia Husserl barua ndefu ya kumpinga. Husserl alikuwa akielekea kwenye fikra kwamba ulimwengu unategemea fahamu inayoutambua. Ingarden hakukubali, na alimweleza hatua kwa hatua kwa nini. Hawakuvunja urafiki. Husserl aliendelea kumwandikia kwa miaka mingi, na Ingarden aliendelea kumjibu hata baada ya Husserl kufa mwaka 1938: kitabu chake kikubwa, Spór o istnienie świata, yaani mzozo juu ya kuwapo kwa ulimwengu, alichokiandika Poland ikiwa imekaliwa na Wajerumani na kukitoa mwaka 1947 na 1948, ni jibu la barua ile lililokua na kuwa majuzuu.

Mabishano yao yaliyozaa matunda kuliko yote yalikuwa juu ya kesho. Mwaka 1913 Tadeusz Kotarbiński, kijana wa miaka 27, alichapisha hoja kwamba si kila ukweli ni wa tangu milele. Kama jambo la baadaye bado halijaamuliwa, basi sentensi inayolitaja bado si ya kweli wala ya uongo. Ukweli wake utaumbwa siku jambo litakapoamuliwa. Aliiona fikra hii kuwa ni ya lazima ikiwa mwanadamu ana uhuru wa kutenda. Mwaka huo huo Stanisław Leśniewski, yule yule wa kubisha hodi, akamjibu: sentensi ikiwa kweli leo, ilikuwa kweli jana na juzi na siku zote, na anayekataa hilo atajikuta anajipinga mwenyewe. Msomaji aliyekulia kwenye malumbano ya washairi wetu magazetini ataitambua tabia hii mara moja: anayejibu anafuata vina vya aliyeuliza, hajiundii uwanja wake mwenyewe. Leśniewski alichukua istilahi za Kotarbiński kama zilivyo na kuonyesha zinakofikisha.

Kotarbiński alifanya nini? Alikubali. Alisema ameshindwa kwa hoja, akaiacha nadharia yake. Na hapo ndipo mzozo ulipopata mtu wa tatu. Łukasiewicz aliona kwamba Kotarbiński alikuwa ameona kitu, ila vyombo alivyotumia havikutosha. Mwaka 1918, katika mhadhara wa kuagana na Chuo Kikuu cha Warsaw, alitangaza kwamba anatafuta mantiki mpya, na mwaka 1920 akachapisha mantiki yenye thamani tatu: kweli, uongo, na ya tatu iliyo katikati. Mfano wake ulikuja kuwa maarufu: sentensi kwamba mwakani, tarehe 21 Desemba adhuhuri, nitakuwa Warsaw, leo hii si kweli wala si uongo. Hoja iliyozikwa mwaka 1913 na mwenyewe ilifufuliwa na rafiki wa aliyeizika. Leśniewski naye hakujihurumia zaidi ya alivyowahurumia wengine. Mwaka 1927 alitangaza kwa maandishi kwamba anazikana kazi zake za ujanani.

Sasa tumwendee mtu ambaye kwa kila kipimo hakustahili kuwemo. Stanisław Ignacy Witkiewicz, aliyejiita Witkacy, alikaa Zakopane, chini ya milima ya Tatra. Alikuwa mchoraji, mtunzi wa tamthilia na riwaya, na mzushi wa vituko. Chakula chake kilitoka kwenye biashara aliyoiita Kampuni ya Picha, ambayo mwaka 1928 aliichapishia kanuni: mteja lazima aridhike, na mteja haruhusiwi kuikosoa picha. Pembeni mwa picha aliandika kwa vifupisho amekunywa nini, amevuta au hakuvuta, ametumia dawa gani. Mtu kama huyu angeingia vipi katika jamii ya watu waliohesabu kila koma?

Aliingia kwa barua. Tangu ujanani Witkacy alijihesabu kuwa mwanafalsafa kwanza, mengine baadaye, na mwaka 1935 alitoa kitabu chake kikuu juu ya dhana zinazotokana na dhana ya kuwapo. Alidai kwamba ulimwengu umeundwa na viumbe hai, kila kimoja kikijihisi kwa ndani na kutengana na vingine, na kwamba hata kile tunachokiita kitu kisicho na uhai ni mkusanyiko wa viumbe hai vidogo mno. Katika miaka ya mwisho kabla ya vita aliwaandikia Ingarden na Kotarbiński, na kwa Kijerumani akamwandikia Hans Cornelius, mwanafalsafa mzee wa Ujerumani, ambaye mwaka 1937 alisafiri hadi Zakopane kumwona. Kwenye kingo za vitabu vya wenzake Witkacy aliacha kebehi na hasira za kila namna, na kingo hizo zimekuja kuchapishwa. Kwenye barua aliomba jibu, alilalamika jibu likichelewa, alirudia hoja kwa namna nyingine, akatia sahihi kwa majina ya kuchekesha ya kujitungia.

Mzozo wake na Kotarbiński ulikuwa wa watu wawili ambao, cha ajabu, waliafikiana sehemu kubwa. Wakati huu Kotarbiński alikuwa na fundisho lake, alilolieleza katika kitabu cha mwaka 1929: vilivyopo ni vitu tu, tena vitu vyenye mwili. Haki haipo, wekundu haupo, uhusiano haupo. Hayo ni majina ya bandia, na sentensi yenye maana lazima iweze kuandikwa upya ikitaja vitu peke yake. Witkacy alipenda kwamba vivuli vimefukuzwa, maana naye hakuvivumilia vitu vya kufikirika tu ambavyo wafuasi wa Husserl walivipa makao. Lakini alishikilia kwamba katika kufagia huko Kotarbiński amemtupa nje mwenye nyumba. Mwili ulioelezwa kwa nje bado haujaeleza yule anayehisi maumivu ndani yake. Kotarbiński alijaribu kuzifasiri hata sentensi za hisia kwa lugha ya vitu, na hapo ndipo Witkacy alipokataa kuridhika. Kabla ya hapo Ajdukiewicz, kutoka upande mwingine, alikwisha kuchapa mwaka 1930 tathmini ya kitabu kile, iliyomlazimisha Kotarbiński kulisema fundisho lake upya, safari hii kama kanuni ya namna ya kutumia lugha. Kotarbiński hakuona aibu kurekebishwa hadharani. Labda ndiyo sababu Witkacy, aliyegombana na karibu kila aliyempenda, hakuweza kugombana naye.

Nafungua mabano kidogo, kwa kuwa uzi mmoja wa habari hii unafika Kenya. Rafiki wa Witkacy wa utotoni alikuwa Bronisław Malinowski, ambaye udaktari wake wa Kraków, mwaka 1908, ulikuwa wa falsafa. Mwaka 1914 walisafiri pamoja hadi Australia. Vita vilipozuka wakakosana, Witkacy akarudi kwenda kujiunga na jeshi la Urusi, Malinowski akabaki na kuwa mwanaanthropolojia mashuhuri. Semina yake London ndiyo aliyoisomea Jomo Kenyatta, na utangulizi wa Facing Mount Kenya, kitabu cha Kenyatta cha mwaka 1938 juu ya mila za Wakikuyu, uliandikwa na Malinowski. Nafunga mabano.

Isidhaniwe kwamba jumuiya hii ilikuwa ya malaika. Alfred Tarski, mwanafunzi pekee aliyepewa udaktari na Leśniewski, alizaliwa Warsaw mwaka 1901 katika familia ya Kiyahudi ya Teitelbaum. Leo jina lake linatajwa pamoja na wakuu wa mantiki wa zama zote. Wakati huo alifundisha hesabu shule ya sekondari ili apate kula, na uprofesa wa mantiki wa Lwów alioutaka, mwaka 1930 alipewa Leon Chwistek. Mwaka 1935 Leśniewski alimwandikia Twardowski barua ambayo chuki yake kwa Wayahudi na kwa Tarski haikufichwa. Barua ile imebaki. Imeandikwa kwa lugha ya heshima, kwa nafsi ya tatu, kwa mpangilio safi, na haina hata chembe ya ile adabu ninayoieleza hapa. Vyuo vikuu vilipoanza kuwatengea wanafunzi Wayahudi mabenchi yao, Kotarbiński alilipinga jambo hilo hadharani, na Tadeusz Czeżowski akalipinga kule Wilno. Wengine walinyamaza. Ustadi wa kupima hoja haukumkinga kila mtu.

Twardowski alifariki Februari 1938, Leśniewski Mei 1939. Tarski alikuwa amepanda meli kwenda Marekani kwa mkutano mwezi Agosti, na hilo lilimwokoa. Vita vilipoingia Septemba, nyumba ya Łukasiewicz iliteketea pamoja na maktaba yake. Witkacy alikimbilia mashariki, na Septemba 18, siku moja baada ya jeshi la Kisovyeti kuvuka mpaka, alijiua katika kijiji cha Jeziory. Leopold Blaustein, mwanafunzi wa Twardowski, aliangamia chini ya Wajerumani kwa kuwa alikuwa Myahudi. Karatasi za Leśniewski ziliungua katika maasi ya Warsaw mwaka 1944. Masomo yaliendelea kwa siri, majumbani.

Vita vilipokwisha Lwów ilibaki upande wa Kisovyeti, na Wapolandi wake walihamishiwa magharibi. Jumuiya ikatawanyika kama ilivyokuwa kabla ya Poland kurudi kwenye ramani mwaka 1918: Ajdukiewicz Poznań, Czeżowski Toruń, Kotarbiński Łódź, Ingarden Kraków, Izydora Dąmbska, aliyekuwa msaidizi wa Twardowski, Gdańsk na baadaye Kraków. Łukasiewicz aliishia Dublin. Barua zikarudia kazi yake ya zamani. Ingarden na Dąmbska walizuiwa na serikali mpya ya Kikomunisti kufundisha kwa miaka kadhaa. Henryk Elzenberg, ambaye hakuwa mtu wa Lwów na hakuupenda ukavu wao, alizuiwa pia kule Toruń. Mwanafunzi wake, mshairi Zbigniew Herbert, mzaliwa wa Lwów, aliandikiana naye kwa miaka mingi, na barua hizo zimechapishwa kuwa kitabu. Humo anaonekana kijana akimpelekea mwalimu mashairi na mashaka yake, na mwalimu akimjibu bila kumpaka mafuta.

Mtihani mwingine ulitoka serikalini. Mwaka 1952 Adam Schaff, msemaji wa Umaksi rasmi, alimshambulia Ajdukiewicz kwa kurasa nyingi, akimweka kwenye fungu la maadui wa kifikra wa wafanyakazi. Shambulio la aina hiyo halikuhitaji jibu, lilihitaji toba. Ajdukiewicz alijibu mwaka 1953 katika jarida lile lile lililochapisha shambulio la Schaff, kwa desturi ya nyumbani kwao: hili sikulisema, hili nililisema lakini halina maana hiyo, hili nililisema zamani na nimekwisha kuliacha, na hapa hitimisho halifuati kutoka kwenye hoja. Alimtendea mshitaki kama mtu anayebishana.

Mwaka 1957, hali ilipolegea, kilitoka kitabu cha kumkumbuka Witkacy, mtu na mtunzi. Mmoja wa wahariri wake wawili alikuwa Kotarbiński, ambaye aliandika sura juu ya falsafa ya marehemu. Ingarden naye aliandika kumbukumbu zake, akasema kwamba Witkacy alikuwa mwanafalsafa zaidi ya wengi waliomdharau. Kotarbiński aliyaeleza mafundisho ya rafiki yake kwa uangalifu wote, na fundisho la viumbe hai vidogo visivyoonekana hakulikubali hata wakati huo.